Asiye na Kazi Nairobi Tayari Analipwa, Ila Anayelipa Hatajwi

Kila bajeti inaposomwa mwezi Juni, hoja ile ile hurudi ofisini na ndani ya matatu: kwamba Serikali ikianza kuwagawia watu pesa wasizozitolea jasho, hakuna atakayeamka kwenda kutafuta kibarua, na uchumi utadorora. Methali inayoitegemeza hoja hiyo tunaijua sote: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni methali ya busara, lakini inamchukulia mwenyeji kuwa na jembe la kutoa na shamba la kulimwa. Katika Eneo la Viwanda hapa Nairobi, watu hufika kwenye malango ya viwanda kabla ya mapambazuko, msimamizi huchagua wachache anaowahitaji siku hiyo, na waliobaki hurudi nyumbani kwa miguu wakiokoa nauli. Kuwaambia hao kwamba msaada utawafanya wavivu ni kuwajibu swali ambalo hawakuuliza.

Kenya haina malipo ya Serikali kwa mtu aliyepoteza kazi. Hiyo haina maana kwamba wasio na kazi hawalipwi. Wanalipwa na dada aliye muuguzi, na binamu aliye mlinzi wa usiku, na kundi la WhatsApp la michango ambalo wiki hii ni karo, wiki ijayo ni bili ya hospitali. Wanalipwa pia na mwenye duka. Duka ninaponunua maziwa kule Umoja lina daftari la deni lenye jalada gumu, na kila mteja ana ukurasa wake: unga, mafuta ya kupima, sukari robo, tarehe, jumla. Mwenye duka huniambia kwamba anapoona ukurasa unajaa vitu vidogo vidogo na mstari wa malipo hauonekani, anajua mtu huyo ameachishwa kazi hata kabla majirani hawajajua. Hamkatizi mara moja, kwa sababu wamekaa mtaa mmoja miaka mingi. Hata hivyo, mtaji wake unalala ndani ya daftari, na rafu zake zinapungua bidhaa.

Hiyo ndiyo ruzuku yetu, na ni kodi isiyopitishwa na bunge lolote. Inatozwa kwa wenye mishahara midogo walio karibu na dhiki, wala haimfikii tajiri wa Runda ambaye ukoo wake mzima unajiweza. Muuguzi anayelisha nyumba tatu haweki akiba kwenye sako, hanunui kiwanja, hamalizi hata kozi ambayo ingempandisha cheo. Anayeuliza kama misaada inaumiza uchumi angeanza hapo.

Sasa nimpe mpinzani haki yake, maana upande wa pili una ushahidi. Wanauchumi Lawrence Katz na Bruce Meyer walionyesha mwaka 1990, kwa takwimu za Marekani, kwamba kila wiki moja inayoongezwa kwenye muda wa kulipwa malipo ya kukosa kazi hurefusha ukaaji bila kazi kwa siku moja na kitu, na kwamba watu wengi hupata kazi malipo yanapokaribia kukatika. Anayetaka kusema kwamba malipo hubadilisha mwenendo wa watu ana pa kushika. Lakini mwaka 2008 mwanauchumi Raj Chetty aliuliza swali linalofuata: kwa nini wanachelewa? Alikadiria kwamba asilimia 60 hivi ya athari hiyo inatokana na ukosefu wa pesa mkononi. Asiye na akiba huichukua kazi ya kwanza inayojitokeza, hata kama haifanani na ujuzi wake; akiwa na cha kumsukuma wiki chache, hutafuta inayomfaa. Mimi siuiti huo uvivu.

Tunajua vizuri mambo huwaje pasipo na wiki hizo. Jirani yangu mmoja alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha plastiki, na kiwanda kilipopunguza wafanyakazi alilipwa kama Sheria ya Ajira ya 2007 inavyotaka: taarifa ya mwezi mmoja na mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumikia. Pesa hizo zilikwenda kwenye kodi ya nyumba na karo, kisha akanunua toroli la kuuza soseji za smoki na mayai ya kuchemsha karibu na steji. Tayari palikuwa na matoroli mengine pale. Wapita njia hawakuongezeka kwa sababu yeye amekuja. Waliokuwepo waligawana wateja wale wale, na mwenzake aliyemtangulia ndiye aliyeumia zaidi. Takwimu za ajira zinamhesabu kuwa ana kazi, na kwa maana fulani ni kweli. Ujuzi wa kurekebisha mashine ya kufinyanga plastiki, aliokuwa ameupata kwa miaka, sasa unapanga kachumbari. Hasara hiyo haionekani katika kitabu chochote cha bajeti.

Kuhusu pesa zinazotolewa bure kabisa, Kenya yenyewe ndiyo iliyotoa ushahidi ambao wanauchumi wa dunia nzima wanaunukuu. Kati ya 2014 na 2017, shirika la GiveDirectly lilizipa kaya zaidi ya 10,500 katika Kaunti ya Siaya takriban dola 1,000 kila moja, na watafiti wakafuatilia vijiji 653, vilivyopata na visivyopata. Walikadiria kwamba kila dola iliyoingia ilizalisha takriban dola mbili na nusu za shughuli za kiuchumi katika eneo hilo, huku bei za bidhaa zikipanda kwa kiasi cha asilimia 0.1 tu. Hata kaya ambazo hazikupewa kitu ziliongeza matumizi yao, kwa kuwa waliopewa walinunua kwao. Na waliopewa hawakuacha kufanya kazi.

Ningependa kuishia hapo na kutangaza ushindi, ila Siaya si Nairobi. Matokeo yale yaliwezekana kwa sababu kulikuwa na nafasi iliyolala: kinu cha kusaga kinachongoja mteja, fundi cherehani asiye na kitambaa cha kushona, bodaboda chini ya mti. Pesa zilipofika, wale wote waliuza zaidi bila kulazimika kupandisha bei. Huku mjini, bidhaa kubwa kuliko zote katika bajeti ya mtu wa mitaa ya mabanda kama Mathare au Mukuru ni chumba cha kulala, na vyumba haviongezeki kwa sababu wapangaji wamepata pesa. Mwenye ploti akisikia kwamba kila mlango unapokea kiasi fulani kila mwezi, atajua la kufanya. Huko Ufilipino watafiti waliona jambo linalofanana na hilo kwenye chakula: katika vijiji vya mbali, ambako kaya nyingi zilikuwa zikipokea pesa, bei ya mayai na vyakula vingine vya kujenga mwili ilipanda, na watoto wa kaya zisizopokea wakadumaa zaidi. Kwa hiyo anayedai kwamba pesa taslimu ni dawa ya kila mahali anaharakisha.

Nisemalo ni dogo kuliko hilo. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inaitaka Serikali iwape hifadhi ya jamii wale wasioweza kujikimu wao wenyewe pamoja na wanaowategemea. Tunao mpango wa Serikali wa Inua Jamii, unaowalipa wazee wa miaka 70 na zaidi, kaya zinazolea yatima, na watu wenye ulemavu mkubwa, shilingi 2,000 kwa mwezi. Kiwango hicho kimekaa pale pale kwa zaidi ya miaka kumi huku bei ya unga ikipanda na kushuka na kupanda tena, na mara kwa mara malipo hucheleweshwa kwa miezi. Sijui ni uvivu wa aina gani unaoweza kununuliwa kwa pesa hizo. Ucheleweshaji ndio unaoharibu zaidi, kwa sababu ajuza asiyejua pesa zitaingia lini hawezi kuaminiwa na mwenye duka, na mzigo unarudi kwa yule muuguzi.

Kwa wenye ajira rasmi, njia ipo na inashangaza kwamba haizungumzwi vya kutosha. Tangu Februari 2023 makato ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, yamekuwa yakipanda hatua kwa hatua. Zamani mfanyakazi alikatwa shilingi 200 tu, na kufikia 2025 mwenye mshahara wa shilingi 72,000 au zaidi alikuwa akikatwa 4,320 kwa mwezi, mwajiri akilipa kiasi kama hicho. Aliyeachishwa kazi akiwa na miaka 38 hawezi kuzigusa pesa hizo kwa sababu tu amekosa kazi. Kustaafu mapema kunaanzia miaka 50. Wakati huo huo simu yake inamkopesha kwa masharti ambayo kila Mkenya anayafahamu. Afrika Kusini ina mfuko wa bima ya kukosa kazi ambao mfanyakazi huchangia asilimia 1 ya mshahara na mwajiri asilimia 1. Mfuko huo haujamaliza ukosefu wa kazi, ambao kule umepita asilimia 30, wala haukuundwa kuleta ajira. Kazi yake ni kumzuia mtu asianguke mpaka chini kabisa katika miezi ya kwanza. Sehemu ndogo ya makato yetu ya sasa ingeweza kutengwa kwa kazi hiyo, kwa muda wa miezi mitatu au minne na kwa kiasi kinachopungua kila mwezi, ili hofu ya Katz na Meyer izingatiwe bila kumtupa mtu.

Mfuko huo hautamfikia muuza smoki, wala wale wa malangoni Eneo la Viwanda. Zaidi ya asilimia 80 ya ajira zetu ziko nje ya sekta rasmi, na hakuna karani anayeweza kuthibitisha kwamba mchuuzi wa soko la Gikomba hakuuza kitu mwezi huu. Kwa hao naona afadhali pesa ziende kwa mzee na kwa mtoto wa nyumba hiyo, ambao umri wao hauna ubishi, kwa kiwango kinachofuata bei za sokoni na kwa tarehe ambayo mwenye duka anaweza kuiandika pembeni mwa ukurasa.