Matembezi ya kiti mwendo Mbeya na Iringa: je, lazima gari maalum?

Mgeni anayetumia kiti mwendo akiulizia matembezi ya siku moja Mbeya au Iringa, hupata moja kati ya majibu mawili. "Gari la namna hiyo hatuna," au "Njoo tu, vijana wapo, watakubeba." Jibu la kwanza linampotezea mwenye gari mteja ambaye huenda angepanda bila shida Toyota Raum iliyoegeshwa hapo hapo uani. La pili lina ukarimu mwingi, na ndilo linaloumiza watu.

Kila upande una hoja. Wako wanaosema utalii wa watu wenye shida ya kutembea hauwezi kuanza mpaka yapatikane magari yenye lifti au daraja la kupandishia, na kwamba kumbeba mtu mzima kama gunia la viazi si huduma. Sheria iko upande wao: Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010. Upande wa pili wako madereva na waongoza watalii. Wao wanasema wateja wa aina hiyo ni wachache, gari maalum litalala uani wiki nzima, na mwisho wa siku gharama atabebeshwa mgeni yule yule tuliyetaka kumpunguzia. Kuhusu gari, madereva wana haki zaidi. Kuhusu kubeba, wamekosea.

Kabla ya kuzungumza bei, mgeni aulizwe jambo moja, na wala si jina la ulemavu wake: anaweza kuhama kutoka kiti chake kwenda kiti kingine, peke yake au kwa kushikwa? Mzee aliyepata kiharusi akabaki na nguvu upande mmoja, bibi wa magongo aliyekuja Uyole kusalimia wajukuu, mtu wa goti lililochakaa, hata wengi waliopooza miguu lakini wana mikono imara, watajibu ndiyo. Kwa hao gari la kawaida linatosha, mradi lisiwe lile ambalo kampuni nyingi hulikimbilia.

Kikalio cha kiti mwendo kiko kama sentimita 50 kutoka chini. Kiti cha mbele cha IST au Raum kimezidi hapo kidogo tu, hivyo mtu anasogea pembeni na amekwisha kukaa. Kiti cha Land Cruiser ya safari kinakaribia kiuno cha mtu aliyesimama. Hapo hakuna kusogea, ni kunyanyuliwa. Kwa hiyo mgeni hulipa pesa nyingi zaidi kwa gari linalomfaa kidogo zaidi. Raum ya toleo la pili, ya 2003 hadi 2011, ina sifa ambayo wengi wanaoiendesha hawaijali: upande wa kushoto, nguzo ya katikati imejengwa ndani ya milango. Ukifungua wa mbele na wa nyuma, unabaki na uwazi mmoja mpana, na kwa kuwa usukani uko kulia, kiti cha abiria wa mbele kinautazama uwazi huo. Noah ina nafasi nzuri ya kuweka kiti mwendo kilichokunjwa, ila sakafu yake iko juu na inadai mtu apande. Chukua futi kamba upime gari lako mwenyewe, maana springi zilizoongezwa na matairi makubwa hubadilisha kila kitu.

Kuhama kwenyewe kuna utaratibu. Egesha mahali tambarare, mbali na mtaro, ukiacha kama mita moja na nusu kando ya mlango. Rudisha kiti cha gari nyuma kabisa, laza mgongo wake kidogo. Sogeza kiti mwendo kikae mshazari na kiti cha gari, funga breki zote mbili, toa mkono wa kiti wa upande wa gari pamoja na vikanyagio. Kati ya viti viwili weka ubao wa kuhamia. Seremala yeyote anautengeneza: plaiwudi ya milimita 18, urefu sentimita 70, upana 25, kingo zimeviringwa, imepigwa msasa na vanishi mpaka nguo iteleze. Makalio yanatangulia, kichwa kinainama kisigonge ukingo wa paa, miguu inaingizwa mwisho. Mtu wa kiharusi atangulize upande wenye nguvu: mwenye nguvu kulia apandie mlango wa mbele kushoto, mwenye nguvu kushoto apandie mlango wa nyuma kulia. Wakati wa kushuka mambo yanageuka, upande dhaifu ndio unaotangulia, na hapo ndipo msaidizi anahitajika hata kama wakati wa kupanda hakuhitajika. Madereva wengi husahau hilo kwa sababu kupanda kulikwenda vizuri.

Sasa tazama kinachotokea "vijana" wanapoitwa kutoka kijiweni. Mmoja anamshika mgeni chini ya kwapa na kuvuta. Bega la upande uliopooza halina misuli yenye nguvu ya kulishikilia, linaweza kutoka mahali pake. Wengine wananyanyua kiti chenye mtu kwa kushika mikono ya kiti au vikanyagio, sehemu ambazo zimetengenezwa zichomoke, na zinachomoka. Mpira wa mkojo unanaswa kwenye komeo la mlango. Mtu asiye na hisia miguuni hawezi kusema kwamba kisigino kimebanwa na chuma. Jeraha litaonekana usiku, na jeraha la namna hiyo linaweza kuchukua miezi kupona. Hakuna kati ya hayo linalotokana na ubaya wa moyo. Ni kutojua tu, na kutojua hakupungui kwa kuongeza idadi ya vijana. Wawili waliofundishwa nusu siku, wanaojua kushika fremu yenyewe na kuhesabu moja hadi tatu kabla ya kuinua, ni bora kuliko sita wenye nguvu.

Kwa mtu asiyeweza kuhama kabisa, hoja ya gari maalum inapata uzito wake. Na si kweli kwamba magari hayo hayapatikani. Toyota huuza Japani magari ya aina ya Welcab, yaliyojengwa kiwandani kwa ajili ya watu wenye ulemavu: Noah zenye daraja la nyuma, HiAce zenye lifti, Raum zenye kiti kinachogeuka kuelekea nje. Yakichakaa huuzwa kwenye minada ile ile inayotuletea magari yetu mengine. Tatizo linaanza baada ya bandari. Gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8 huongezewa ushuru kwa uzee wake. Noah ya daraja imeshushwa sakafu ili mteremko uwe mdogo, na hivyo tumbo lake liko karibu na ardhi. Matuta ya TANZAM, barabara kuu ya kwenda Zambia, na njia za vumbi za Rungwe si rafiki zake. Lifti ikigoma, fundi atasubiri kipuri kutoka mbali, na mgeni hawezi kusubiri naye. Tena Mbeya na Iringa zimetengana kwa zaidi ya kilomita 300, kwa hiyo wazo la kampuni kadhaa kuchangia gari moja linaishia kulipa mafuta ya gari tupu.

Njia ya katikati ni HiAce ya paa la juu, iliyotolewa viti vya nyuma, na daraja la kukunja. Hapa hesabu ndiyo inayoamua. Kipimo kinachokubalika cha mteremko wa jengo ni 1 kwa 12: kila sentimita 10 za kupanda zinadai mita 1.2 za urefu. Sakafu ya gari ikiwa sentimita 60, daraja lingekuwa mita 7.2, jambo lisilowezekana barabarani. Kwa msaidizi mwenye nguvu anayesukuma, mteremko wa 1 kwa 6 unavumilika, yaani mita 3.6, na bado ni mrefu. Basi punguza kimo badala ya kuongeza mteremko. Miji yetu imekaa kwenye vilima. Egesha gari kitako chake kikielekea upande wa juu, kando ya ukingo wa sentimita 30, na ghafla daraja la mita 1.8 linatosha. Fundi wa kuchomea atalitengeneza vipande viwili kwa mabomba ya mraba na bati lenye vinundu, upana usiopungua sentimita 80, na mdomo wenye ndoano mbili za kuliunganisha na gari. Bila ndoano, daraja hurudi nyuma magurudumu makubwa yanapofika juu. Wakati wa kushuka, kiti kinatoka kinyumenyume, msaidizi akiwa upande wa chini.

Ndani ya gari, breki za kiti si kitu. Kiti kielekee mbele, kifungwe mikanda minne kwenye ndoano zilizofungwa kwa bolti hadi kwenye fremu ya gari, miwili mbele na miwili nyuma, na mtu mwenyewe afungwe mkanda wa nyonga na bega ulioshikiliwa na gari, si na kiti. Kama hayo hayapo, safari ya kupanda Kitonga au kuteremkia Tukuyu isifanyike. Hapo hatuoni cha kujadili.

Vivutio havilingani. Isimila, kama kilomita 20 kutoka Iringa kwa barabara ya Mbeya, zana za mawe za kale zinaonwa juu, ila nguzo za udongo zimo korongoni na njia yake ni ya kushuka. Mgeni aambiwe hivyo mapema, asije kwa ajili ya picha ya nguzo. Kalenga, lilipo fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954, ni jumba dogo la makumbusho. Unachopima ni kizingiti cha mlango tu. Jiwe la Gangilonga litazamwe kutoka chini. Kiwanda cha Neema Crafts kinastahili saa nzima, kwa kuwa wanaofanya kazi humo ni watu wenye ulemavu na mgeni haonekani kioja. Upande wa Mbeya, Ziwa Ngosi liondolewe kabisa kwenye orodha: njia ya msituni ni kali na inateleza. Kimondo cha Mbozi, cha tani kama 16, hakihitaji kupandwa ili kionekane. Daraja la Mungu, daraja la mwamba la asili, lataka mtu akakague kwanza, kwa futi kamba na simu yenye kamera, kabla ya kuahidi. Mvua za Novemba hadi Aprili hugeuza udongo mwekundu kuwa gundi, na magurudumu madogo ya mbele ndiyo yanayozama kwanza. Dawa ni kukiinamisha kiti nyuma na kukisukuma kwa magurudumu makubwa pekee. Juni na Julai ni kukavu lakini ni baridi kali, na mtu aliyeumia uti wa mgongo hupoteza joto bila kujua, kwa hiyo blanketi ni sehemu ya vifaa.

Bei hupungua mahali ambapo wengi hawatazami. Kila kituo ni kuhama mara mbili, na kila kuhama ni dakika 10 hadi 15 bila haraka. Vituo sita vinakula saa mbili hadi tatu kabla hujaona chochote. Panga vitatu, na toza kwa nusu siku au siku nzima. Ukitoza kwa saa unamwadhibu mgeni kwa polepole yake na kumtia dereva kishawishi cha kuharakisha. Chukua mfano wa Mbeya hadi Mbozi na kurudi, pamoja na mizunguko ya mjini, kilomita 150. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakunywa lita 15. Kwa shilingi 3,000 kwa lita ni 45,000, nawe weka bei elekezi ya mwezi huo ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Raum itakunywa pungufu. Mwongozaji wa kituo mara nyingi yupo hapo hapo, hivyo si lazima kubeba wako kutoka mjini. Dereva aliyefundishwa kuhamisha mtu anafanya kazi ya msaidizi wa kwanza. Msaidizi wa pili asikatwe, na malipo yake yaandikwe wazi kwenye ankara. Wanaharakati hulalamika kwamba huo ni ushuru wa ulemavu, na wana haki. Lakini msaidizi huyo akifichwa ndani ya bei, wa kwanza kupunguzwa wakati wa kupatana ni yeye.

Kishawishi kingine ni gari la rafiki lenye namba za njano. Ni rahisi kweli. Lakini namba za njano ni za gari binafsi. La biashara ni nyeupe, na bima ya gari binafsi haimhusu abiria anayelipa. Kwa mgeni ambaye ajali ndogo tu inaweza kumpeleka hospitali kwa muda mrefu, unafuu huo ni wa uongo.

Choo kisipopangwa kinavunja safari kuliko barabara. Vingi njiani ni vya kuchuchumaa na milango haifiki sentimita 70. Beba kiti cha choo cha kukunja na shuka la kujizibia, na ujue kabla ya kuondoka ni hoteli gani mbili zina choo cha kukaa chenye mlango mpana.

Anabaki mwenye kiti cha umeme. Kiti chenyewe kinaweza kufika kilo 100, mara nyingi hakikunjwi, na kikiwa na mtu juu yake daraja la fundi wetu wa kuchomea halikutengenezwa kwa uzito huo. Akiweza kuhama, aje na kiti cha kusukuma pia. Asipoweza, jibu la sasa ni hapana, naye alipate kabla hajakata tiketi ya ndege kuja Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya.