Shemeji Kanipeleka Mahakamani

Kwetu mtu haendi mahakamani kutembea. Unaenda kwa sababu umeitwa, na ukiitwa, siku hiyo nyumba nzima hailali.

Sasa nimetoka zamu ya usiku ghalani, macho mekundu, nina siku moja tu ya mapumziko, shemeji ananigongea mlango. "Shemeji, vaa, nakupeleka Dayton." Nikajua nyama choma hiyo. Tumetoka Chattanooga, huku Tennessee, Marekani, njia nzima tumbo linanguruma kuliko injini, mara gari linasimama mbele ya jengo la matofali mekundu lenye mnara. Nikauliza, "Ndiyo hoteli yenyewe?"

"Mahakama ya Kaunti ya Rhea," anajibu, anachekelea kama bwana harusi. "Ya mwaka 1891!"

Tumeingia tu, mama mmoja akauliza atusaidie nini. Mikono yangu ikapanda juu yenyewe. "Sina kosa," nikamwambia, tena kwa Kiswahili.

Kumbe humu ndimo ilimosikilizwa ile kesi ya nyani, Julai 1925. Jimbo la Tennessee lilikuwa limepiga marufuku kufundisha shuleni kwamba binadamu ametokana na wanyama. Wakubwa wa mji wakaona hapo pana biashara: kesi ikija, wageni watakuja. Wakamwita mwalimu John Scopes, kijana wa miaka 24, duka la dawa, wakamuuliza kama yuko radhi ashtakiwe. Akakubali! Mimi ukiniita duka la dawa kwa habari hiyo, natokea dirishani, na panadol siichukui.

Shemeji akanipandisha ghorofani kwenye ukumbi wenyewe. Viti vya mbao, sakafu ya mbao, kila hatua kwii, kwii. Nimefika katikati ndipo ananieleza kwamba watu walijaa humu hadi jaji akahofia sakafu itaanguka, akahamishia kesi uwanjani, chini ya miti. Jambo kama hilo mtu unaambiwa ukiwa bado kwenye ngazi, shemeji! Nikarudi ukutani kwa ncha za vidole.

Huko nje ndiko wakili wa Scopes, Clarence Darrow, alikombana kwa maswali William Jennings Bryan wa upande wa mashtaka, mzee aliyegombea urais mara tatu, kuhusu Yona na samaki. Redio ya Chicago inarusha kesi moja kwa moja. Baraza, yaani raia walioteuliwa kuamua kesi, likatoka kushauriana, likatumia dakika tisa. Tisa! Marehemu baba alikuwa na kesi ya mpaka wa shamba, ugomvi wa migomba mitatu. Iliahirishwa hadi migomba ikaanguka kwa uzee, siku ya hukumu wakawa wanagombea mashimo.

Scopes akapigwa faini ya dola 100. Mwaka 1927 hukumu ikafutwa, kwa sababu faini ya zaidi ya dola 50 ilipaswa kupangwa na baraza, jaji akaipanga mwenyewe. Bryan naye, siku tano baada ya kesi, alikula chakula cha mchana Jumapili, akajilaza, hakuamka tena. Mungu amrehemu. Angalau alikula.

Sasa Darrow na Bryan wote wawili wamesimamishiwa sanamu pale uwanjani. Walivyochachafyana, leo majirani.

Kabla hatujatoka shemeji akasema nikae mbele humo ukumbini anipige picha. Nikakaa. Njaa na usingizi, uso ukatoka wa mtu aliyekutwa na ng'ombe asiye wake. Akairusha kwenye kundi la familia bila neno hata moja, eti picha inajieleza.

Ikajieleza. Hatujafika kwenye gari, mama anapiga, analia: "Mwanangu, umefanya nini huko kwa watu?" Baba Mdogo hakuuliza kitu, kafungua kundi jipya, "Wakili wa Kijana Wetu", na namba ya kutumia michango. Binamu ambaye arusi yangu hakuchangia hata soda, katoa elfu hamsini!

Shemeji ananihimiza niwaambie ukweli. Nimemwambia atulie, aendeshe gari twende tukale. Kwanza Baba Mdogo amalize kukusanya.