Nani atakaa pembeni ya mzee?

Usiku wa mwisho wa mwezi, miaka kadhaa iliyopita, kazi ya kompyuta ya kufunga hesabu za siku ilikwama saa nane. Mahali sitapataja. Tulikuwa vijana watatu kwenye chumba chenye kiyoyozi kikali, kila mmoja na shahada yake, tumekodolea macho skrini kama abiria waliozunguka daladala iliyokufa barabarani. Mishahara ya watu ilikuwa inasubiri. Tukampigia mzee aliyekuwa amestaafu mwaka uliotangulia. "Shikamoo mzee, samahani kwa saa hizi." Akaitikia, kisha akauliza swali moja: faili la mwisho kusomwa ni lipi, na limeishia rekodi ya ngapi? Hakutoka kitandani. Dakika ishirini baadaye kazi iliendelea.

Mtambo wetu wenyewe ulikuwa seva za kawaida tu. Mzee ndiye aliyekuwa mtu wa meinfremu, yale makompyuta makubwa ya kuchakata rekodi nyingi kwa mpigo. Alianza ujana wake na kadi za karatasi za kutoboa matundu, ambazo ndizo zilizobeba programu, na adabu ile ya kusoma kumbukumbu za mashine kabla ya kugusa chochote ilitoka huko.

Nikiwaambia vijana wa vyuo vya Dar, wa Kijitonyama au DIT, kwamba meinfremu ni fani ya kusomea, wanacheka. Wanadhani ni mambo ya makumbusho. Lakini mfumo ambao IBM iliutangaza tarehe 7 Aprili 1964, System/360, una wajukuu walio hai: mashine ya z17 ilitoka mwaka 2025, na programu za enzi zile bado zinaweza kufanya kazi juu yake bila kuandikwa upya. Mabenki makubwa ya nje, bima, kadi za malipo na tiketi za ndege bado zimeegemea mashine za ukoo huo. Aprili 2020, maombi ya mafao ya wasio na kazi yalipofurika kule New Jersey, gavana Phil Murphy alisimama hadharani kuomba watu wanaojua COBOL wajitolee. COBOL ni lugha ya kuandikia programu ya mwaka 1959! Wanaoijua wamezeeka, wanaoingia ni wachache.

Kwetu wazee wa aina hiyo ni wachache zaidi, na nadhani historia ina mkono wake. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Sina nia ya kulaumu, kila zama na shida zake, ila kizazi kizima kiliikuta fani hii mlango umefungwa.

Sasa mlango uko wazi, na ada hakuna. IBM Z Xplore inamruhusu mwanafunzi kuingia kwenye meinfremu halisi kwa intaneti, bure. Open Mainframe Project wana kozi ya COBOL, nayo bure. Asiye na bando la kutosha anaweza kuweka Hercules, programu inayoiga meinfremu, kwenye laptopu yake, juu yake akaweka MVS 3.8j, mfumo wa miaka ya mwanzo ya 1980, akajifunza JCL, lugha ya kuiagiza meinfremu kazi, hata umeme ukikatika, mpaka betri iishe.

Kwa hiyo tusisingizie vifaa. Tunachokosa ni pa kukaa. Fundi magari wa mtaa wa Gerezani hakufundishwa gearboksi kwa slaidi. Alikaa pembeni ya fundi mkubwa, akapokezana naye spana, akatukanwa kidogo, akashika. COBOL ya zamani inataka majina ya aya yaanze safu ya 8, maelekezo yaanzie safu ya 12 na yasivuke ya 72, kwa sababu kadi ya kutoboa ilikuwa na safu 80. Hilo utalisoma kitabuni. Lakini kosa la S0C7 likitokea katikati ya faili la rekodi mamilioni, yaani programu imekuta nafasi tupu au herufi pale ilipotaka tarakimu, kitabu hakikuambii uanzie wapi kutafuta. Mzee anajua.

Ningekuwa na sauti vyuoni, ningewaita wastaafu hawa wakae maabara siku mbili kwa wiki, walipwe vizuri, wasidaiwe shahada ya uzamili. Fildi ya wanafunzi nayo iwe ya zamu za usiku, siyo ya kutoa fotokopi.

Najua swali linalofuata: ajira ziko wapi, wakati mabenki ya hapa hayatumii mashine hizo kama ya nje? Swali la haki. Jibu langu ni saa. Usiku wa manane New York, bechi zao, yaani kazi za kompyuta za mkupuo, zinapokimbizana, Dar ni saa moja au saa mbili asubuhi, kutegemea msimu wao. Kijana wetu ameshakunywa chai. Zamu inayowatoa wao machozi kwetu ni saa za ofisi. Kazi hizo hazitakuja zenyewe, na wenzetu wa India walishazifuata zamani.

Mzee wetu sasa yuko Tabata. Jumamosi moja nilimpelekea vijana wawili na laptopu yenye Hercules. Baada ya saa nzima ya kuhangaika, bechi yao ya kwanza ikamalizika, skrini ikaandika COND CODE 0000, yaani hakuna kosa. Wakapigiana viganja. Mzee akaweka kikombe chini, akavaa miwani.

"Vizuri," akasema. "Sasa iharibuni."