Robo inchi imeniweza

Jamani leo naomba niseme tu maana nimenyamaza vya kutosha. Nyie mnaoshona mablanketi ya viraka, yale ya kuunganisha vipande vya kitambaa mpaka vinakuwa nyota na miraba na watu wanauliza umetoa wapi, mbona ukweli mlituficha? Mnapiga picha limetandikwa limenyooka utadhani limechorwa, lile la kwanza lililovimba katikati na kusinyaa pembeni hamtuonyeshi, mmelifungia stoo linalaliwa na paka.

Mi nilianza kwa sababu hesabu yake niliiona ya kitoto. Kila bloki, yaani ule mraba mmoja mkubwa uliokwisha kuungwa, inatakiwa itoke inchi 12 na nusu, ile nusu ni robo ya upande huu na robo ya upande ule ambazo zitaliwa na mshono ukiiunga na jirani zake, inabaki 12 kamili. Bloki 30, tano kwa sita, unapata blanketi la inchi 60 kwa 72. Nikasema hii kazi ya wiki mbili, dada akijifungua mpwa wangu atalikuta. Mpwa wangu hivi sasa anatembea, na juzi alikuja kwetu akaikanyaga kazi yenyewe kwa miguu yake miwili.

Kosa langu nalikubali moja tu. Nilishona bloki zote 30 bila kupima hata moja. Sasa nipime nini? Nimekata kwa rula, nimeshona robo inchi kama nilivyoambiwa, hesabu si ndo imeisha hapo? Nusu yake nilifanya nyota na nusu nikafanya ile ya miraba tisa, tatu kwa tatu, ili zipishane. Siku ya kuzipanga sakafuni ndo nikaona maajabu. Nyota fupi, miraba tisa ndefu kidogo, na hata nyota kwa nyota hazilingani, ukiunganisha mbili kona ya hii inaangukia ubavuni kwa mwenzake. Ukiziangalia unajua kabisa ni watoto wa nyumba moja lakini kila mmoja na kimo chake.

Nikaanza na futi. Futi yangu ya kujikunja ina umri, na zile za plastiki zikivutwa sana zinarefuka, nikasema huyu ndo mchawi wangu. Nikachukua rula ya chuma, ikanipa jibu lingine. Nikachukua ile rula pana ya kioo ya kukatia, jibu la tatu!! Halafu kuna ule mstari wenyewe wa rula, una unene, sasa kitambaa kinaishia kabla ya mstari, juu ya mstari au baada ya mstari? Hakuna aliyeniambia. Mi vipande vingine nilikata kabla na vingine baada, kutegemea siku hiyo nilikuwa nimeamkaje.

Nikahamia kwa cherehani. Cherehani bwana ina tabia ya kuvuta kitambaa cha chini kwa yale meno yake huku cha juu kinasukumwa na mguu, kwa hiyo vipande viwili vinaanza safari pamoja na mmoja anafika kabla ya mwenzake. Unaambiwa kile kirefu kiweke chini meno yakimeze. Sawa, nakubali, ila kwanza wote si niliwakata sawa, huyo mrefu katoka wapi? Na ukianza na kona kali ya pembetatu, ndo kabisa, inaingizwa tumboni mwa cherehani na uzi wake, unabaki unavuta kama unamnyang'anya mbwa kiatu.

Pasi nayo. Mi pasi napiga kama navyopiga shati, nasukuma mbele narudisha nyuma kwa nguvu zote, na mvuke juu. Kumbe vipande vya nyota vina kingo zilizokatwa mshazari, na kitambaa ukikikata mshazari kinavutika kama mpira. Huku unatakiwa uiweke pasi, uinue, uiweke pembeni yake, uinue, kama unagonga muhuri. Bloki moja niliivuta kwa makusudi nikidhani nairefusha, ikarefuka kweli, ila pembe moja tu. Ile sikuihesabu tena. Nikabaki na 29.

Basi akaja mama mkwe. Mama mkwe wangu ameshona maisha yake yote na ni mtu ambaye ukimwamkia anakuitikia halafu anakaa kimya mpaka unaanza kuungama mwenyewe. Nikamwonyesha. Hakugusa bloki hata moja, akasema nikatie vipande vitatu vyembamba, kila kimoja upana inchi moja na nusu, uviunge ubavu kwa ubavu, upige pasi, halafu pima cha katikati. Cha katikati kinatakiwa kibaki inchi moja kamili. Nikaunga, nikapima kwa rula, thumuni saba, yaani inchi ukiigawa mara nane unapata saba tu. Nikageuza rula. Thumuni saba. Akaniangalia kwa huruma akasema, "Baba, robo yako imenona."

Yaani imenona! Kumbe miezi yote hiyo nashona robo yenye kitambi. Kila mshono ulikuwa umezidi sehemu moja ya 16 ya inchi, unene ambao kwa macho huuoni, ila mshono unakula kwenye vipande viwili kwa hiyo kila ukishona unapoteza thumuni nzima. Sasa piga hesabu. Bloki ya miraba tisa ina mishono 2 kwa mstari, ikapungua robo, ikatoka 12 na robo. Nyota yangu ina vipande 4 kwa mstari, mishono 3, ikatoka 12 na thumuni. Ndo maana zilikuwa hazilingani hata kabla ya mikono yangu na pasi kuongeza ya kwao! Mi nilikuwa nadhani nakosea ovyo ovyo kumbe nakosea kwa utaratibu. Wanasema haba na haba hujaza kibaba, huku kwenye viraka haba na haba ndo inakimaliza kibaba chenyewe.

Na bado. Akaniambia hata robo kamili haifai, inatakiwa robo kasoro uzi mmoja au miwili, kwa sababu kitambaa ukikikunja kwenye mshono ukapiga pasi lile kunjo lenyewe linakula nafasi. Nikamuuliza Mama, sasa kwa nini wasiseme tu robo kasoro tangu mwanzo? Akasema wanasema. Nikarudi kwenye maelekezo, ni kweli wamesema, kaneno kamoja kadogo pembeni ya robo, mi nikakaruka nikijua ni mapambo.

Alafu nyie watu mna ile ya kusema "kama zote umezikosea sawasawa haina shida, zitaungana tu." Ni kweli kwa mwenye bloki za aina moja. Mi nilichanganya ili nionekane mjuzi.

Kufumua nilijaribu. Nyota moja nilifumua kwa wembe jioni nzima, kitambaa kikatoa nyuzi pembeni, nilipokishona tena kikawa kidogo zaidi. Nikaacha. Mama mkwe akasema basi zote zikate zilingane na ile ndogo kuliko zote, yaani inchi 12, blanketi litapungua lakini litalala. Nikakata zote 29. Miraba tisa haikulalamika. Nyota ndo zikaumia, maana ncha za nyota zinatakiwa ziwe robo inchi kutoka ukingoni ili mshono uzifikie bila kuzila, zangu zikiungwa zinakatwa vichwa, nyota butu, kama masikio ya paka mgomvi. Nikajifariji kwamba mpwa wangu hajui nyota zinatakiwa ziweje.

Ikabaki ile moja ya kujazia ya 30. Hii nilisema naishona kwa akili zote. Nikabandika tepu kwenye bamba la cherehani kama ukuta wa kuelekezea kitambaa, nikajaribu na vile vipande vitatu mpaka cha katikati kikatoka inchi moja juu ya alama. Pembetatu sikuhangaika kuzikata kwa ile inchi 3 na thumuni saba ya kwenye maelekezo, nilikata inchi 4 nikashona kwanza ndo nikapunguza mpaka 3 na nusu. Rula moja tu toka mwanzo mpaka mwisho, hizo nyingine nilizificha hata mi mwenyewe nisizione. Pasi nikagonga muhuri.

Ikatoka inchi 12 na nusu. Juu kwa chini, kushoto kwa kulia, ncha zote nane za nyota kali kama sindano. Nilipima mara tano nikamwita mke wangu aje apime yeye labda macho yananidanganya. Akapima, akakubali, akaniambia hongera baba. Halafu akaichukua akaenda kuiweka sakafuni kwenye nafasi yake kati ya zile 29, akainama, akaisukuma huku, akaisukuma kule.

"Sasa mbona hii ni kubwa kuliko wenzake?"