Umaskini Wangu Umekosa Mhuri

Mimi nimekuwa maskini kwa miaka 27 bila kuombwa kitambulisho. Mwenye nyumba anajua, muuza mkaa anajua, na paka wa jirani alishajua zamani kwamba jikoni kwangu hakuna cha kudokoa, akahamia nyumba ya tatu. Nilikuwa maskini na roho yangu imetulia. Binti yangu alipofaulu kidato cha sita ndipo nikaambiwa umaskini wangu hautambuliki mpaka uje na viambatanisho.

Matokeo yenyewe yalinichanganya kabla sijafurahi. Mtoto kasoma HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Akaja mbio kibandani ninakoshonea nguo, simu mkononi: "Baba, wani ya saba!" Nikauliza saba kati ya ngapi, akacheka. Kumbe wani ni daraja la kwanza, na kwenye mtihani ule pointi ni kama madeni, mwenye chache ndiye anayesifiwa. B ni 2, C ni 3. Yeye ana B mbili na C moja, basi 7. Nikawatangazia mafundi wenzangu saba, saba, mpaka muuza kahawa akadhani nacheza bahati nasibu. Maombi ya chuo yalipofunguliwa namkuta anajaza 11. Nikamwambia mwanangu, serikali haidanganywi hivyo. Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa, kwamba kwenye kuomba chuo hesabu inageuka: A ni 5, B ni 4, C ni 3, na ukiwa na pointi 4 kwenye masomo mawili tayari una sifa ya kuomba digrii. Mtoto yuleyule, karatasi ileile. Mimi nikimpima mteja kiuno 32 Jumatatu, halafu Jumatano nikamwambia 40, nitalipa kitambaa cha watu.

Akaomba vyuo vitatu, vyote vitatu vikamchagua. Mimi nikasema akubali vyote, kwenye ukoo wetu hatujawahi kuchaguliwa hata kwenye kamati ya msiba. Akasema haiwezekani, ni lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri kabla ya tarehe ya mwisho. Akathibitisha kile kikubwa cha serikali. Jina silitaji, asije akaitwa ofisini kwa sababu ya mdomo wa baba yake.

Nami chuo kikuu nilikuwa nakifahamu kwa sura tu, kwenye ile noti ya 500 yenye Ukumbi wa Nkrumah. Hata hiyo haikuwahi kulala mfukoni mwangu siku mbili, na 2014 wakaleta sarafu, urafiki wetu ukaishia hapo.

Sasa ada. Nikasikia kuna Samia Scholarship, ilianza 2022, inalipia waliofanya vizuri zaidi. Nikavaa viatu. Kabla sijafika mlangoni binti akasema, "Baba, ile ni ya sayansi." Nikamuuliza ndani ya hiyo historia yake hakuna sayansi hata kidogo? Nikavua viatu.

Ukabaki mkopo wa elimu ya juu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba umaskini nao una mashindano. Tulikaa kwa kijana wa steshenari, yeye anasoma, sisi tunajibu. Cheti cha kuzaliwa kimehakikiwa? Mdhamini ana namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa? Picha ya mdhamini? Wazazi wote wako hai? Hapo kijana akaongeza kwa nia njema kwamba yatima hupewa kipaumbele, akiwa na cheti cha kifo cha mzazi. Binti yangu akaniangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Nikajikohoza kuonyesha kwamba bado napumua.

Halafu akauliza: mwanafunzi alisoma shule gani sekondari? Kidato cha kwanza na cha pili nilimpeleka shule ya kulipia. Niliuza cherehani ya pili, ile Singer nyeusi aliyoniachia marehemu mjomba, ili mtoto asikae madawati ya kubanana. Kwa miaka yote nimekuwa nikilisema hilo kwenye harusi na kwenye misiba. Leo kijana wa steshenari anatikisa kichwa: "Mzee, hii itakuonyesha una uwezo." Yaani kitu pekee cha kitajiri nilichowahi kufanya maishani, nilikifanya kwa kufilisika.

Nikaenda serikali ya mtaa kugongewa mhuri. Kosa langu, na nalikiri, ni kwamba nilivaa suti. Fundi cherehani hana nguo nyingine ya kwendea ofisini, atavaa kazi yake. Suti ya kijivu, vifungo viwili, mpasuo nyuma, bitana ya zambarau. Kitambaa kilibaki kwa mteja aliyefariki kabla ya kuchukua, Mungu amrehemu, alikuwa na mabega kama yangu. Mwenyekiti akaniangalia juu mpaka chini. "Fundi, unaomba barua ya kuoa au ya mkopo?" Nikamwambia mimi ni mnyonge. Akashika ukosi wa koti, akaupindua, akatazama bitana. "Mnyonge gani wa bitana?" Kesho yake nikarudi na fulana ya kampeni ya mwaka 2010, yenye tundu kwapani, na ndala zisizo ndugu. Akagonga mhuri hata bila kuniambia nikae.

Bado wakili. Wakili anataka 10,000 ili aapishe kwamba sina hela. Nikamwuliza mheshimiwa, nikikulipa si nitakuwa nimeshasema uongo? Hakucheka. Alipiga mhuri, akapuliza wino ukauke, kisha akauliza ile suti ya kijivu aliyoniona nayo jana pale nje kwa mwenyekiti nimeshonesha wapi. Nikamwambia nashona mwenyewe. Akaagiza mbili. Kwa mkopo. Mpaka leo hajalipa, na yeye sikumwomba hata picha ya mdhamini.

Mkopo ukatoka. Siyo mia kwa mia, lakini ukatoka, na mimi nikaanza kusoma lugha mpya ukubwani. Wiki ya pili binti anapiga simu: "Baba, sijapata chumba hosteli, ila kuna dada wa mwaka wa tatu ananibeba." Anakubeba? Kwani unaumwa miguu? Kumbe kubebwa ni kulala kitanda cha mwenye chumba, futi tatu kwa sita, vichwa viwili, na akipita mkaguzi mmoja anakuwa mgeni aliyekuja kuazima pasi.

Siku nyingine ananiambia kwa huzuni, "Baba, rafiki yangu kadisko." Nikamtuliza: mwanangu, ujana, atarudi asubuhi. Akanyamaza. Kudisko kumbe ni kufukuzwa masomo kwa kufeli. Kabla ya kudisko kuna sapu, yaani kurudia mtihani, na ukishindwa kabisa kuimaliza kuna kuliburuza somo mpaka mwaka unaofuata. Karatasi za mhadhiri zilizorudufiwa na kurudufiwa mpaka herufi zimepauka zinaitwa desa. Anayekesha nazo anapiga msuli, na wao wenyewe wanachekana: msuli tembo, matokeo sisimizi.

Lakini lililoniumiza kitaaluma ni la pasi. Alisema, "Mwisho wa mwezi huu tunapiga pasi ndefu tu." Nikafurahi, nikasema damu ya fundi hiyo, nguo zinyooke. Nikamtumia na mkaa kilo tano kwa basi. Akaupokea, asante baba, kisha mama yake ndiye aliyenifafanulia: pasi ndefu ni kushinda njaa, kuunganisha chai, mchana na usiku ukala mara moja saa kumi. Nimetumia mkaa kwa mtu asiye na unga.

Jirani yetu mmoja, mwalimu mstaafu, hunicheka sana kwa haya. Yeye alisoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka ya sabini. Anasema Azimio la Musoma la 1974 lilipopita, kutoka kidato cha sita kwenda chuo moja kwa moja kukafutwa. Kwanza ukafanye kazi, usemewe vizuri kazini na kwenye chama, ndipo uombe. Lakini ukishaingia, unalala kitandani peke yako na unakula mpaka unaacha. Na anapenda kusimulia ya Oktoba 1966, wakubwa zake walipoandamana kupinga kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), wakisema mishahara ya vigogo ni mikubwa mno. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao, zaidi ya 300, kisha akakata mshahara wake mwenyewe asilimia 20. Nikamwambia mzee, mimi ukinikata asilimia 20 utaondoka na kopo la vifungo. Akasema chuo chenyewe kilianza 1961 na wanafunzi wa sheria wasiofika 20, kwenye jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba. Sasa binti yangu anasikiliza mhadhara akiwa amekaa kwenye ngazi, anasema yeye mhadhiri wake humjua kwa sauti tu.

Halafu bumu linatoka. Bumu ndiyo hela ya kula na kulala ya ule mkopo, 10,000 kwa siku, ilikuwa 8,500 mpaka ilipopandishwa 2022, na huja kwa mkupuo wa siku nyingi. Wiki ile mtoto hasemi pasi ndefu. Anasema chipsi kuku. Sauti inakuwa nzito, anapokea simu baada ya kuita mara nne, kama mkurugenzi. Nikapiga hesabu kwenye kipande cha khaki: 10,000 kila siku, Jumapili imo, mvua imo. Mimi kuna siku napandisha pindo tatu na kubadilisha zipu moja, nafunga kibanda na 6,000. Kwa hiyo nyumbani kwetu mwenye kipato cha uhakika ni mwanafunzi. Ndiyo, ni deni, shemeji yangu mwalimu anakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi kwa bumu alilokula zamani. Lakini deni lenye chipsi ndani yake si sawa na la kwangu la mkaa.

Juzi mota ya cherehani imeungua. Nikajikaza, nikapiga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Hamjambo huko? Nasikia bumu limetoka."

Kimya. Nasikia watu wanacheka kwa nyuma na harufu ya kuku karibu ije kwenye simu.

"Ngapi, baba?"

"50,000 tu. Nakurudishia baada ya Idi, nguo zikichukuliwa."

"Mdhamini nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamwambia basi, mama yako huyu hapa, atanidhamini.

"Mama hafai, baba. Bado ana yangu ya bumu lililopita."