Kabla ya kumwita Mboko binti yetu

Usiku wa kuamkia Ijumaa, 8 Agosti 2025, sikulala. Nilikaa sebuleni hapa Nairobi, sauti ya runinga nimeipunguza watoto wasiamke, nikimtazama Victoria Mboko, Mkanada, akipoteza seti ya kwanza 2-6 mbele ya Naomi Osaka katika fainali ya tenisi ya wanawake ya Montreal, Kanada. Nikajua basi, amechoka. Kwenye nusu fainali dhidi ya Elena Rybakina alikuwa ameanguka akaumia kifundo cha mkono, na ilibidi aokoe pointi ya mechi, ile ambayo angeipoteza angetolewa, ndipo apite kwa taibreki, yaani mchezo wa kuvunja sare, ya seti ya tatu. Akarudi. 6-4, kisha 6-1. Alikuwa na miaka 18. Mpira wa mwisho ulipoisha machozi yalinitoka, na sioni haya kusema.

Kulipokucha simu ilikuwa imejaa. "Damu ya Kongo yatwaa Montreal!" "Binti yetu!" Furaha hiyo ni yangu pia, wazazi wake ni watu wa Kongo kweli. Kilichonikera ni ujumbe wa mkubwa mmoja wa michezo wa hapa kwetu, aliyeandika kwamba ushindi ule unaonyesha jinsi Afrika inavyolea vipaji. Inavyolea! Niliusoma mara mbili, nikaweka simu chini, chai ikapoa mezani.

Wangapi wanakumbuka Julai 2022? Wimbledon, fainali ya wasichana chipukizi, wawili wawili. Upande mmoja wa wavu alisimama Mboko na Mkanada mwenzake, Kayla Cross. Upande wa pili Angella Okutoyi wetu, msichana aliyelelewa na nyanya yake Loresho, akicheza na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Angella na mwenzake walishinda: 3-6, 6-4, 11-9. Pointi mbili tu katika ile taibreki ya mwisho. Ndivyo wasichana hawa walivyokuwa karibu karibu siku ile.

Sasa njoo Montreal miaka mitatu baadaye. Mboko yuko nafasi ya 85 duniani, na ameingia kwenye droo kuu kwa mwaliko wa waandaaji. Mpinzani wake wa raundi ya kwanza ni nani? Kayla Cross, naye amealikwa. Wote wawili walioshindwa na Angella wamefunguliwa mlango wa shindano la daraja la 1000, lililo chini tu ya yale makubwa manne ya Grand Slam, nyumbani kwao, mbele ya watu wao. Mmoja lazima atoke, lakini vyovyote itakavyokuwa, Mkanada mmoja anakwenda raundi ya pili. Mboko akapita, akamtoa Sofia Kenin, akamtoa Coco Gauff kwa 6-1, 6-4, akamtoa Rybakina, akamtoa Osaka. Mabingwa wanne wa Grand Slam katika shindano moja. Alitoka na dola 752,275 na akapanda hadi nafasi ya 24.

Kipaji ni chake na jasho ni lake. Lakini ule mwaliko haukushuka kutoka mbinguni. Kanada ina shindano lake kila mwaka, wanawake mwaka mmoja Montreal, mwaka unaofuata Toronto, na mwenye shindano ndiye mwenye funguo. Hicho ndicho tusichokuwa nacho, na ndicho kinachoniuma. Msichana wa kwetu akitaka pointi za kumpandisha kwenye orodha ya dunia, mara nyingi humbidi atafute viza na tiketi ya ndege hadi Monastir, Tunisia, ambako mashindano madogo ya ITF, shirikisho la tenisi la dunia, huchezwa karibu kila wiki. Akitolewa raundi ya kwanza, gharama ya hoteli inabaki ni yake. Afanye hivyo wiki sita, saba, bila kocha pembeni, na pesa za kuchangiwa na jamaa zimekwisha. Pointi zenyewe zinafutika baada ya mwaka. Mchezaji Sada Nahimana wa Burundi amepigana kwa miaka kwenye barabara hiyo hiyo, na ni wachache sana kati ya wanaomwita Mboko "binti yetu" wanaolijua jina la Sada.

Najua nitajibiwa. Okutoyi amemzidi Mboko miaka miwili na ushee, mchezo wa wawili si mchezo wa mmoja mmoja, na ufadhili alioupata wa Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, si jambo la kudharau. Haya, nakubali. Tena mwaka 2024 alitoka huko akaenda Accra akatuletea dhahabu ya mmoja mmoja kwenye Michezo ya Afrika. Ons Jabeur naye alikulia Tunisia akafika fainali mbili za Wimbledon, kwa hiyo inawezekana. Lakini kaskazini mwa Afrika kuna Monastir, kuna Rabat ya Moroko. Kuna pa kuchezea.

Mpwa wangu ana miaka kumi na mmoja. Mwaka jana nilimpeleka klabu moja, tukalipia saa nzima ya uwanja. Dakika ya ishirini tukaambiwa tutoke, wanachama wamefika. Hakulia. Aliokota mipira yake mmoja mmoja, ile iliyokwisha manyoya, akaniuliza njiani kama ukuta wa shule bado uko wazi. Siku hizi hufanyia mazoezi ukutani. Kila nikiona neno "vipaji" kwenye ujumbe wa wakubwa namkumbuka akiinama kuokota ile mipira.

Sidai Nairobi ipate shindano la 1000. Shindano la daraja la W15, la chini kabisa la ITF kwa wanawake, zawadi yake yote, kwa wachezaji wote, ni dola 15,000. Nairobi imewahi kuandaa mashindano ya wanawake ya ITF, kwa hiyo viwanja vipo na watu wa kuyaendesha wapo. Yawekwe wiki tatu mfululizo kila mwaka, kisha yavuke mpaka hadi Kampala, Kigali, Bujumbura na Dar es Salaam, msichana aweze kuyafikia kwa basi. Na nafasi za mwaliko wapewe wasichana wa hapa, wa miaka kumi na tano, kumi na sita, hata kama watafungwa 6-0, 6-0 na kutoka wamenuna.

Kampuni zilizojaza kurasa zao pongezi asubuhi ile zina pesa hizo. Yule mkubwa wa michezo anazijua ofisi zao zilipo. Aende akabishe hodi, na akirudi na tarehe za shindano nitakuwa wa kwanza kununua tiketi, mbili, yangu na ya mpwa wangu.