Mikono Yote Sitahani

Leo asubuhi nimeomba advansi. Meneja wa hoteli yetu akatabasamu, akaniambia, "Mzee, acha ni-circle back." Yaani azunguke, kisha arudi. Azunguke wapi? Vichochoro vya mtaa wa Mkomani hapa Amu, yaani Lamu, punda wawili hawapishani. Ukizunguka humo utatokea mtaa wa pili, Langoni, na kiatu kimoja.

Kijana huyu ana umri wa mwanangu wa pili, na namheshimu, maana ndiye anayetia sahihi. Lakini Kiingereza chake si kile nilichofundishwa nikapasi. Wiki ya kwanza alitaka tuanze na matunda yaning'iniayo chini, maana yake kazi nyepesi. Mpishi akamuuliza ni yepi, kwani ya chini hapa hula punda. Akatwambia tufikiri nje ya boksi. Mlinzi akatoka nje. Kuhusu dedilaini, binti yangu alinitolea asili yake: gereza la wafungwa wa vita kule Andersonville, Marekani, 1864, palikuwa na mpaka, mfungwa akiuvuka anapigwa risasi. Tangu hapo nikiambiwa ripoti ya sabuni ina dedilaini, natia udhu kwanza.

Ama la Jumanne iliyopita nitaulizwa mpaka kaburini.

Saa nne usiku meneja akaandika kwenye grupu la WhatsApp: "All hands on deck kesho saa kumi na mbili. We count the sheets." Sasa grupuni yumo nahodha wetu, anayewapeleka wageni Manda kwa jahazi. Kiingereza chake amekiokota baharini, kwa Wazungu wenye mashua za starehe. Deki kwake ni sitaha. Shiti ni demani, ile kamba ya kulizuilia tanga, na kwa Kiingereza cha baharini hajakosea hata nukta. Akaamsha mabaharia, akaamsha mkwewe, akaamsha na mjukuu wa darasa la sita, kwa kuwa imeandikwa mikono yote.

Nafika, maji yamekupwa. Jahazi limelala ubavu topeni kama ng'ombe mgonjwa, na juu yake watu tisa wamesimama mguu huu juu, huu chini. Foromali, ule mti wa kubebea tanga, imepandishwa. Mjukuu ameng'ang'ania jarari, kamba ya kuipandishia, meno yanagongana kwa baridi.

"Nahodha, kuna nini?"

"Waulizani? Twamngoja meneja."

Meneja alikuja saa mbili kasorobo na laptopu yake, akasimama gatini. "Mzee, mnafanya nini huko?"

"Tuko sitahani, bwana meneja," nahodha akajibu. "Na shiti tushazihesabu."

"Zote? Ziko ngapi?"

"Moja."

Kijana akashika kichwa. "Moja! Tulinunua mia na ishirini!"

"Mia na ishirini za nini, na tanga ni moja?"

"Mzee, hizo nyingine nani amechukua?"

Nahodha akavua kofia, akaiweka chini taratibu. Tangu aanze kushika usukani hajaitwa mwizi wa kamba. Nusu saa nzima nimesimama topeni nawasuluhisha, huyu ataja foronya, yule ataja foromali, wote wawili wanadhani wanaelewana. Ilipobainika kuwa ni shuka za vitandani, meneja akacheka peke yake, akasema tusijali, sote tumo chombo kimoja. Yeye akiwa gatini, viatu vyake vikavu.

Kinachonichoma ni kwamba maneno yenyewe wameyatoa baharini! Juzi nilikabidhiwa kijana wa mafunzo, eti nimfundishe kamba, kumbe ni kazi. Nikauliza kamba gani, nikachekwa. Na huo nao ni usemi wa mabaharia wa zama za matanga. Wameuchukua chomboni, wakaupeleka ofisini, wakauvalisha tai, leo wanamletea mtu wa Amu kama kitu kipya!

Basi, saa kumi ilipofika meneja bado anazunguka. Nikapita kwa muuza samaki, nikachagua fungu la changu, nikamwambia kwa adabu zote kwamba nitazunguka kisha nirudi. Akalitwaa fungu lake mkononi mwangu. Tutakula muhogo. Na muhogo wenyewe siku hizi, umeuona? Jana nimenunua mmoja, kuumenya nyuzi tupu, ungeweza kufungia jahazi.